Mwajiri mdogo anafaidika nini kwa kupokea wanafunzi wa fildi?

SWALI

Ndugu mshauri, mimi na mdogo wangu tunaendesha kampuni ya kufunga pampu za maji na mitambo ya umeme wa jua hapa Arusha, eneo la Unga Limited. Tuna duka la vifaa, stoo, mafundi sita, mhasibu mmoja na wafanyakazi wengine wachache. Kwa jumla tuko 12. Kila mwaka inapokaribia Julai, barua za wanafunzi wanaoomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo hurundikana mezani, nami nimezoea kuwajibu kwamba nafasi zimejaa. Mhasibu wetu anasema tunapoteza bahati. Mdogo wangu anasema mwanafunzi wa wiki nane ni mzigo: anakula muda wa mafundi, anaweza kuumia au kuharibu kifaa cha mteja, na akishaanza kuelewa kazi anaondoka. Naomba nielezwe bila maneno ya kupamba: mwajiri wa kiasi chetu anafaidika nini hasa?

Msomaji, Arusha

JIBU

Ndugu msomaji, mdogo wako amesema kweli katika jambo moja ambalo wengi wanaowahimiza waajiri kupokea wanafunzi hulikwepa, kwa hiyo ni haki nianze nalo. Katika wiki nane, mwanafunzi wa kawaida hatakuzalishia kazi yenye thamani inayozidi muda ambao fundi wako atautumia kumwelekeza. Wiki ya kwanza na ya pili atakuwa anajifunza majina ya vifaa na desturi za mahali. Wiki ya mwisho atakuwa anaandika ripoti yake. Ukimpokea kwa hesabu ya nguvukazi ya bure utavunjika moyo, naye atavunjika moyo zaidi yako. Faida ipo, tena kwa kampuni ya watu 12 ni kubwa kuliko kwa kampuni ya watu 500, lakini haimo katika jasho la wiki hizo nane. Imo katika ajira utakazofanya baadaye, katika kazi zilizolala kwako kwa kukosa mtu wa kuzifanya, na katika ukomavu wa wafanyakazi ulionao sasa.

Suala hili limepimwa kwa makini zaidi katika nchi mbili zenye mila ndefu ya uanagenzi, yaani Uswisi na Ujerumani, ambako kijana huigawa wiki yake kati ya chuo na karakana kwa muda wa miaka mitatu hivi. Wachumi waliolinganisha gharama na mapato ya waajiri wa nchi hizo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta tofauti yenye mafundisho. Waajiri wengi wa Uswisi walikuwa wamerudisha gharama zao kabla mafunzo hayajaisha, ilhali mwajiri wa kawaida wa Ujerumani alimaliza mafunzo akiwa bado ametoa kuliko alichopokea, na faida yake aliipata baadaye, alipomwajiri yule aliyemfundisha bila gharama za kutangaza nafasi, kusaili wageni na kumfundisha mtu upya. Viwango vya ujira vilichangia tofauti hiyo, lakini sababu nyingine kubwa ilikuwa aina ya kazi: wanagenzi wa Uswisi walitumia sehemu kubwa zaidi ya muda wao katika kazi halisi zenye kuzalisha, na wenzao wa Ujerumani walitumia muda mwingi zaidi katika mazoezi. Fildi yetu ni fupi mno kulinganishwa na uanagenzi wa miaka mitatu. Hata hivyo, njia za kupata faida ni zilezile mbili, kazi halisi anayopewa mwanafunzi na uamuzi wa kumwajiri baadaye, na katika muda mfupi kama wetu njia hiyo ya pili ndiyo yenye uzito.

Fikiria jinsi kampuni kama yako inavyompata fundi mpya. Mara nyingi kazi imeshazidi, mteja anapiga simu kila asubuhi, na mtu anatafutwa kwa haraka: anaulizwa ndugu, anaulizwa jirani wa kanisani au msikitini, anakuja kijana mwenye cheti, anazungumzishwa nusu saa, anaanza Jumatatu. Usaili wa namna hiyo ni kipimo dhaifu. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Katika kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kosa, usaili usio na mpangilio ulipata 0.38, na idadi ya miaka ya uzoefu ilipata 0.18 tu, ilhali kumpa mwombaji sehemu ya kazi yenyewe aifanye na kumtazama kulipata 0.54. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu hizo kwa njia ya uangalifu zaidi wakapunguza makadirio karibu yote: usaili usio na mpangilio ukashuka hadi 0.19 na jaribio la kazi hadi 0.33, huku usaili wenye maswali yaliyopangwa na yaleyale kwa kila mwombaji ukishika nafasi ya kwanza kwa 0.42. Kwa hiyo sisemi uache kusaili. Upange maswali yako. Ninachosema ni kwamba kumtazama mtu akifanya kazi bado kunakueleza mengi kuliko nusu saa ya mazungumzo ya hivihivi, na fildi inakupa kumtazama kwa wiki nane.

Mambo utakayoyaona katika wiki hizo hayaandikwi kwenye cheti. Utaona kama anarudisha vifaa stoo bila kukumbushwa. Utaona anavyozungumza na mzee wa Ngaramtoni ambaye pampu yake imekufa na ambaye hataki kusikia habari za inveta wala kontrola, anataka maji. Utaona kama anauliza kabla ya kuunganisha waya asioujua, au anaona haya kuuliza. Zaidi ya yote utaona anafanya nini anapokosea, kwa sababu fundi anayeficha kosa kwenye kisima cha mita 80 anakugharimu kuipandisha pampu nzima, bomba kwa bomba, na kumlipa mteja siku alizokaa bila maji. Katika kazi yangu ya kuwashauri waajiri wa Arusha na Moshi, malalamiko ninayoyasikia kuhusu wafanyakazi wapya hayahusu elimu mara nyingi kama yanavyohusu tabia hizi, nazo ndizo ambazo usaili hauwezi kuzionyesha.

Sheria nayo inaipa hoja hii uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi dhidi ya kusitishiwa ajira bila haki, na ulinzi huo haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo. Baada ya hapo lazima uwe na sababu halali na ufuate utaratibu, la sivyo utaitwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ni ulinzi mzuri ambao mfanyakazi anaustahili. Kwa mwajiri maana yake ni kwamba inafaa amfahamu mtu vizuri kabla ya kumpa mkataba, na ni waajiri wachache mno wanaotumia miezi hiyo ya mwanzo kumtazama mtu kwa makini.

Upande wa pili mwanafunzi naye anakutazama. Vijana wengi hutoka chuoni wakidhani kazi ya umeme wa jua ni kukaa ofisini na kompyuta, wakaikimbia baada ya safari ya kwanza ya vumbi la Longido au ya mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Aliyekwisha kwenda huko akiwa mwanafunzi, kisha akarudi mwenyewe kuomba kazi, anajua anachokiomba. Watafiti wa masuala ya ajira wameliandika jambo hili tangu miaka ya 1970: mtu aliyeonyeshwa kazi ilivyo, pamoja na ugumu wake, kwa kawaida huwa na matarajio ya kweli zaidi na hana sababu nyingi za kuondoka mapema.

Tena kwa Arusha bahati iko mlangoni pako. Chuo cha Ufundi Arusha kinafundisha umeme, mitambo, ujenzi na umwagiliaji, na kina kituo chake cha Kikuletwa, wilayani Hai, kinachoshughulika na nishati jadidifu. Chuo cha Uhasibu Arusha kiko Njiro. Tengeru iko Taasisi ya Nelson Mandela, ambayo wanafunzi wake ni wa shahada za uzamili na uzamivu wanaotafuta mahali pa kufanyia utafiti wenye manufaa. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vipo Arusha na Moshi. Mwajiri wa wilaya ya mbali angetamani kuwa na robo ya vyuo hivi. Na kampuni yenye wafanyakazi 10 au zaidi inalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile tunayoiita SDL, ambayo sehemu yake huenda kugharimia mafunzo ya ufundi stadi. Nyinyi mkiwa 12 mmo katika kundi hilo. Kulipa tozo hiyo kila mwezi kisha kuwafungia mlango vijana wanaoandaliwa kwayo ni sawa na kuchangia kisima cha kijiji na kuendelea kununua maji ya madumu.

Nije kwenye kazi zilizolala. Kila kampuni ndogo inazo, na wewe unazijua zako kuliko mimi, lakini nahisi kwamba nikifika ofisini kwako nikaomba orodha ya pampu zote mlizofunga kwa miaka mitano iliyopita, ikionyesha kina cha kila kisima, aina ya pampu, ukubwa wa paneli na tarehe ya matengenezo ya mwisho, nitaonyeshwa vitabu vitatu vya stakabadhi na kuambiwa kwamba mengine anayajua fundi mkuu kichwani. Orodha hiyo ni mali. Inakuambia nani wa kupigiwa simu kabla pampu yake haijafa, inakuambia pampu gani hazidumu katika visima vyenye mchanga, na siku fundi mkuu akiondoka inabaki. Hakuna fundi wako atakayeiandika, kwa sababu kila siku kuna jambo la haraka zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye kompyuta, daftari na namba za simu za wateja anaweza kuimaliza katika wiki nne, na katika kuifanya atajifunza kazi yenu kuliko angejifunza kwa kubeba bomba.

Hapa Arusha orodha hiyo ingeongezewa safu moja ambayo ni ya lazima, nayo ni floridi. Maji mengi ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na madhara yake tunayaona kwenye meno ya watoto wetu, na kwenye mifupa ya watu waliokunywa maji hayo miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa. Mteja anayechimba kisima Ngaramtoni au Usa River anakuuliza pampu. Wewe ungempa huduma ya maana zaidi kama ungeweza kumwambia visima vya jirani yake vilisoma kiasi gani, na kumshauri mapema kama maji hayo ni ya kunywa au ya bustani tu. Huu ni mradi mzuri kabisa kwa mwanafunzi wa umwagiliaji, au kwa mtafiti wa Tengeru atakayekuja na chombo cha kupimia na msimamizi mwenye utaalamu. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu ni mahali ambapo faida ya mwajiri, ya mwanafunzi na ya familia inayokunywa maji hayo zinakutana bila kuvutana.

Kwa mhasibu wako kazi zilizolala ni za aina nyingine: madeni ya wateja yaliyopitiliza miezi mitatu, tofauti kati ya daftari la stoo na risiti za mashine ya EFD, bei za ununuzi ambazo hazijalinganishwa tangu mwaka juzi. Mwanafunzi wa uhasibu anazimudu. Asipewe nywila za benki wala asiachiwe mashine ya EFD peke yake, na asaini ahadi ya kutunza siri, kwa kuwa majina, simu na mahali wanapoishi wateja wako ni taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Faida ya tatu haizungumzwi sana, nami naiona kubwa. Kati ya mafundi wako sita, yupi atakuwa mkuu wa mafundi miaka mitatu ijayo? Mara nyingi anapandishwa yule mwenye mikono mizuri zaidi, kisha inagundulika kwamba hawezi kumwelekeza mtu bila kumfokea. Kumkabidhi fundi mwanafunzi mmoja kwa wiki nane ni njia nafuu ya kulijua hilo mapema. Fundi analazimika kueleza kwa nini swichi ya paneli inazimwa kabla ya kugusa waya, kwa nini kisima kinaachwa kijae tena kabla ya kupima upya, na akishindwa kueleza anagundua mwenyewe kwamba alikuwa anafanya kwa mazoea. Kila mwanafunzi wa fildi anatakiwa kujaza kitabu cha kumbukumbu za kazi za kila siku, na msimamizi wa kazini anatakiwa kukisoma na kukisaini. Kisomwe kweli. Mkiwa makini, kurasa zake zinaweza kuwa rasimu ya kwanza ya taratibu za kazi za kampuni yenu, ambazo pengine hazijawahi kuandikwa. Vilevile dai nakala ya ripoti ya mwisho. Sehemu yake ya changamoto na mapendekezo huandikwa na mtu aliyewatazama kwa macho mapya, na ingawa baadhi ya mapendekezo yatakuwa ya kitoto, moja au mawili yatakugusa mahali panapouma.

Mhadhiri naye huja kumkagua mwanafunzi wake angalau mara moja. Waajiri wengi humpa kiti, soda na sahihi, akaondoka. Mketishe na mafundi, mwonyeshe tatizo linalowasumbua, muulize kuhusu maabara za chuo. Uhusiano huo hudumu kuliko fildi yenyewe.

Sasa hofu za mdogo wako, ambazo hazipaswi kupuuzwa. Kuhusu kuumia, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inakutaka ulinde watu walio katika eneo lako la kazi, na maadili yanakutaka hivyo kabla ya sheria. Mwanafunzi asishuke kisimani kwa hali yoyote. Asipande paa bila mkanda wa usalama na bila fundi kando yake. Asiguse mfululizo wa paneli zilizounganishwa mchana wa jua, kwa kuwa volti zake zinaua na paneli hazina kitufe cha kuzima jua. Kofia ngumu, viatu na glovu apewe na kampuni siku ya kwanza. Kazi ya kukamilisha na kusaini ufungaji wa umeme ibaki kwa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Iulize ofisi ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa maandishi, mwanafunzi wa aina hii anahesabiwaje katika mfuko, na kiulize chuo kuhusu bima ya mwanafunzi wake. Majibu yote mawili yakae kwenye faili kabla hajaanza. Ukiyatimiza haya, hatari ya kuharibu kifaa cha mteja nayo inapungua kwa kuwa mwanafunzi hafiki kwa mteja peke yake.

Kuna hatari ya kisheria ambayo mdogo wako hakuitaja. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 inataja dalili zinazofanya mtu achukuliwe kuwa mwajiriwa, miongoni mwake kufanya kazi chini ya maelekezo yako, kutumia vifaa vyako, na kukufanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mwanafunzi aliyeletwa na chuo kwa barua, kwa wiki nane, kwa malengo ya masomo, yuko mahali tofauti. Ila mwanafunzi aliyemaliza fildi akaambiwa aendelee kuja bila mkataba, mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, kwa ahadi kwamba mambo yatakaa sawa, huyo ni mfanyakazi asiyelipwa. Tabia hiyo ipo mjini kwetu nami naichukia waziwazi, kwa sababu inamnyonya kijana asiye na mtetezi na inaharibu jina la waajiri wanaofundisha kwa nia njema. Wiki nane zikiisha, ama ana mkataba wa ajira ama anaagwa kwa heshima.

Jambo jingine halina mjadala. Wasichana wanaokuja fildi hukutana na wanaume wenye uwezo wa kusaini au kukataa kusaini karatasi zao. Kudai ngono kwa kutumia mamlaka ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Waambie mafundi wako hilo mbele ya mwanafunzi siku ya kwanza, na umpe mwanafunzi jina la mtu wa kumwendea, ambaye si msimamizi wake. Mhasibu wako anaweza kufaa.

Kuhusu malipo, huna mkataba wa ajira naye, lakini nakushauri umpe nauli na chakula cha mchana, na ukiweza zaidi ya hapo, umpe. Wanafunzi wa shahada wanaonufaika na Bodi ya Mikopo baadhi hupata fedha za mafunzo kwa vitendo. Wengi wa stashahada na wa VETA hujitegemea. Usipotoa chochote, watakaoweza kuja ni wale tu wenye shangazi Sakina au mjomba Kwa Mrombo wa kuwalaza na kuwalisha, na hivyo utakuwa umechagua kwa kigezo cha shangazi badala ya kigezo cha uwezo. Kijana mahiri wa Singida anayesoma hapa atarudi kwao kufanya fildi isiyohusiana na fani yake, nawe hutamjua kamwe. Posho hiyo ni gharama ya kupanua uwanja wako wa kuchagua, na katika kampuni yenu haifiki hata thamani ya pampu moja ndogo. Mhasibu aiingize vitabuni kwa jina lake, isitolewe kwa mkono bila kumbukumbu.

Kwa mwaka wa kwanza pokeeni wawili, mmoja wa ufundi na mmoja wa uhasibu, wasizidi hapo. Msiwachukue kwa undugu au kujuana. Waiteni waombaji watano au sita na muwaulize maswali yaleyale. Pendeleeni wa mwaka wa kabla ya mwisho, kwa sababu atakaporudi chuoni mtakuwa na mwaka mzima wa kufikiri, na pengine mradi wake wa kuhitimu ukahusu tatizo lenu. Likizo ndefu ya vyuo vikuu huanza karibu na Julai na kukutana na kiangazi, wakati wakulima wa umwagiliaji wanapowasumbua zaidi. Hilo ni zuri kwa kujifunza na baya kwa kufundisha, kwa hiyo siku tano za kwanza zipangwe kabla hawajafika: usalama, stoo, majina ya vifaa, kisha safari moja ya kutazama bila kugusa. Wiki za katikati wagawe muda kati ya kazi za nje na mradi waliokabidhiwa. Siku ya mwisho kila mmoja awaeleze wafanyakazi wote, kwa nusu saa, alichokifanya na alichokiona.

Kama hakuna fundi hata mmoja aliye tayari kumsimamia mwanafunzi, au kazi za nje zimesimama, msipokee mwaka huo, na muwajibu waombaji mapema ili watafute kwingine. Kumkatalia kijana ni bora kuliko kumweka mapokezi wiki nane akichemsha chai na kunakili stakabadhi, kisha kumsainia kwamba amejifunza umeme.

Msingoje barua zirundikane. Mnamo Februari au Machi andikieni ofisi za mafunzo kwa vitendo za vyuo viwili mkitaja fani mnayoitaka, idadi, wiki, posho na mradi mtakaowapa. Barua ya namna hiyo ni adimu, na vyuo huitikia kwa kuwaletea wanafunzi wanaofaa. Ningependa msimamizi mkuu wa zoezi hili awe mdogo wako, kwa kuwa yeye ndiye anayeiona hatari kabla ya wengine. Wiki ya nane ikiisha, aandike ukurasa mmoja: saa ngapi za mafundi zilitumika, kazi ipi iliyolala imekamilika, kifaa gani kiliharibika, na kama nafasi ya fundi ingefunguka kesho, angempigia simu nani kati ya hao wawili. Ukurasa huo ndio mtakaoutumia kuamua kuhusu mwaka wa pili.